Ushauri: Nijibuje hoja kwamba ugaidi unairuhusu serikali kuweka kando sheria za kimataifa?

Ndugu wanajukwaa, natarajiwa kuzungumza katika mdahalo kuhusu wajibu wa serikali kuheshimu sheria za kimataifa inapokabiliana na ugaidi. Mpinzani wangu hushikilia kwamba mikataba iliandikwa kwa ajili ya nyakati za amani, na kwamba asiyeheshimu sheria hastahili kulindwa nayo. Nianzie wapi nisije nikaonekana natetea wauaji?

Mchangiaji wa kwanza
Usianzie kwenye huruma, anzia kwenye maandishi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 uliitazamia hali ya hatari: ibara ya 4 inairuhusu serikali kusimamisha baadhi ya haki pale uhai wa taifa unapotishiwa, mradi itangaze rasmi, iwaarifu wanachama wenzake kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na isivuke kiwango kinacholazimishwa na hali yenyewe. Haki ya kuishi na katazo la mateso haviguswi, na Mkataba Dhidi ya Mateso wa 1984 unasema wazi kwamba hata vita si kisingizio.

Mchangiaji wa pili
Naafiki, ila atakuletea Azimio 1373 la Baraza la Usalama la 2001, lililozitaka nchi zote kuzuia ufadhili wa ugaidi. Mkumbushe Azimio 1456 la 2003, linalozitaka zihakikishe hatua zao zinafuata sheria za kimataifa, zikiwemo za haki za binadamu na za wakimbizi. Kisha mpe kesi ya Uingereza ya 2004, ambapo mahakama ya juu kabisa ya wakati huo iliamua kwamba kuwazuilia bila mashtaka na bila kikomo wageni walioshukiwa ugaidi kulikuwa ubaguzi, kwa kuwa raia walioshukiwa vivyo hivyo hawakuzuiliwa. Zingatia kwamba majaji wengi hawakukataa kuwa tishio lilikuwepo. Walichokataa ni namna ya kulijibu. (Binafsi ningeutumia muda mwingi hapo.)

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana. Na akitaja mpiganaji aliyekamatwa vitani ambaye si askari wa nchi yoyote?

Mchangiaji wa kwanza
Ibara ya 3, iliyomo katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 (sheria za vita), inamlinda. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2006 katika kesi ya Hamdan, mfungwa wa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Kuba. Ibara hiyo haimwachii huru mtu: inakataza mateso na kudai ahukumiwe na mahakama iliyoundwa kihalali. Liseme hilo mapema, kabla mpinzani hajadai kwamba unataka wafungwa wafunguliwe milango.