Mrejesho: Familia yetu na maisha ya muda ughaibuni

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri tulipokuwa tukijiandaa kuhamia nje ya nchi kwa mkataba wa kazi wa mke wangu, tukiwa na mtoto wa chekechea na mwingine anayenyonya. Ninarejea kuwashukuru kwa dhati.

Ushauri wa kubeba kwenye mzigo wa mkononi kadi za chanjo pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, vikiwa vimetafsiriwa na kuthibitishwa, ulitufaa sana, kwa kuwa vilidaiwa kwenye usajili wa makazi, bima ya afya na shule.

Lililonihangaisha zaidi ni ukimya wa mtoto mkubwa darasani. Mliosema kwamba mtoto anayekutana na lugha mpya huweza kupitia kipindi cha kusikiliza tu kabla ya kuizungumza, na kwamba tusiache Kiswahili nyumbani, mlinipa subira ambayo sikuwa nayo. Tulizungumza na mwalimu wake, tukaendelea kumsomea hadithi kwa Kiswahili kabla ya kulala, na sasa anacheza na wenzake na kuzungumza nao bila hofu, jambo linalonifurahisha kuliko yote.

Upande wangu haukufanikiwa. Kibali nilichopewa kama mwenza hakiruhusu kuajiriwa, na ombi la kukibadilisha, ambalo baadhi yenu mlinishauri nilijaribu, lilikataliwa. Kwa hiyo ninalea na kujifunza lugha. Anayejiandaa kuhama aulize haki za mwenza kabla mkataba haujasainiwa, kwa sababu baada ya hapo nafasi ya kujadiliana na mwajiri hupungua.