Tupeane uzoefu: nyumba ya watu 14 Mombasa yaendeshwa kwa vipimo gani?

BintiKuze

Assalaam alaykum jamaa. Nyumba za kwetu mwazijua: babu na bibi, ndugu wawili waliooa, wajukuu, na shangazi aliyerudi kwao. Kuanzia Mji wa Kale na Majengo mpaka Kisauni na Likoni, watu 14 chini ya paa moja hawamshangazi mtu. Mawaidha ya subira na baraka tumeyasikia, Alhamdulillah. Hapa naomba hesabu: mitungi mingapi, kilo ngapi, hisa ngapi. Nani kamkosea nani tuyaache leo. Tutumie nyumba ya watu 14 sote ili hesabu zetu zilingane.

Naanza na maji. Maji ya mfereji mjini yatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mgao wake hauna adabu. Kwa hivyo nyumba yataka mapipa ya aina mbili yasiyochanganywa hata siku moja: la maji matamu na la maji ya chumvi ya kisima. Matamu ni ya kunywa na kupika tu, lita 5 kwa kila mtu, yaani lita 70, mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Kuoga kwa joto hili ni mara mbili, nusu ndoo kila mara: lita 280, mitungi 14. Ukiongeza choo, vyombo na kufua, siku ya kawaida yala mitungi 25 hivi. Siku ya nguo nyingi huzidi.

Palipo na uvujaji wa kimya ni kwenye udhu. Chukua watu 10 wanaoswali, vipindi vitano, ni udhu 50 kwa siku. Mfereji ukiachwa wazi hutoa lita 5 kwa urahisi kabla mtu hajafika miguuni: lita 250. Birika la lita moja lamtosha mtu mzima na kubaki, kwa hiyo lita 50. Tofauti ni mitungi 10 kila siku, na mwenye mkokoteni haitoi sadaka. Hadithi ni mashuhuri kwamba Mtume (SAW) akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja, na kibaba hakifiki lita. Tundikeni mabirika mawili karibu na bomba la uani, na bomba lenyewe lifungwe wakati wa kutawadha.

Maji ya chumvi yasihi kwa udhu na josho, hata ya bahari yasihi. Kuyanywa ndio hapana. Visima vingi vya mjini vimekaribiana na vyoo vya shimo, na maji yakiwa meupe pe bado yaweza kuwa na kipindupindu ndani.

MpishiWaSinia

Waalaykum salaam. Bi BintiKuze, hapo kwenye mapipa mawili niongeze: maji ya chumvi yakiingia chungu cha mbaazi, mtakula adhuhuri badala ya asubuhi. Maji ya kisima chetu yana chokaa, na chokaa hukaza ganda la nafaka. Watu hulaumu mbaazi kuwa za zamani, au makaa. Loweka usiku kucha kwa maji matamu, yamwage, weka mengine matamu, na chumvi usitie mpaka mbaazi ibonyee kati ya vidole viwili. Kilo moja kavu yawatosha watu 14 kwa nazi mbili kubwa au tatu. Tui la pili ndilo la kuivishia. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, hutiwa mwisho, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja. Likichemka kwa fujo hukatika na mafuta kuelea juu.

Mahamri ya watu 14: unga kilo moja na nusu, sukari gramu 225, iliki iliyopondwa kijiko kidogo na nusu, hamira vijiko vidogo viwili, tui la uvuguvugu kama mililita 700, tena litiwe kidogo kidogo maana unga hutofautiana. Kanda robo saa mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Toa madonge 12, kila moja likate manne: mahamri 48. Matatu kwa mtu ni 42, sita yabaki kwa wageni, na wageni wa asubuhi kwetu hawakosi.

Yanapoharibika, sababu ni chache. Hayakufura: umesukuma mwembamba mno, au mafuta hayakupata moto. Yamekuwa magumu kama bamba: tui lilikuwa dogo. Yana ukali wa uchachu: umekanda baada ya isha ukaacha jikoni na joto la Februari. Ukikanda usiku tia hamira nusu yake, funika, weka mahali penye ubaridi. Na ukiyatumbukiza, yamwagie mafuta juu kwa upawa papo hapo, hapo ndipo yanapofura.

Wali wa mchana ni kilo moja na nusu ya mchele. Gunia la kilo 25 laenda siku 16. Usimimine mchele mpya juu ya wa zamani kwenye pipa. Fukusi waliobaki chini watapanda. Maliza, fua pipa, anika, ndipo ujaze.

Ummu_Saba

Sinia nalo lina ufundi wake. Wakubwa watano au sita kwa sinia moja sawa, lakini watoto wa miaka mitatu wasichanganywe na wa kumi. Mkubwa huvuta kitoweo kwa mwendo wa gari moshi na mdogo abaki na wali mtupu, kisha mnashangaa mbona hakui. Sinia la wadogo likaliwe na mtu mzima mmoja, na kitoweo kigawanywe kabla ya Bismillahi: kipande cha kila mtoto mbele yake. Mchuzi uwe katikati.

Zamu ya jikoni iandikwe ukutani. Wake wawili wa ndugu wawili hawagombani kwa sababu ya chumvi, wanagombana kwa sababu hakuna ajuaye nani anaosha masufuria ya usiku. Zamu ya siku mbilimbili yafaa kuliko ya wiki: mgonjwa akipatikana, madhara yake hayaendi mbali. Mama aliyejifungua, akiwa ndani ya siku 40, atolewe zamu kabisa, asipewe hata kukuna nazi.

Ammi_Likoni

Wanangu, mmezungumza chungu, nami nizungumze kalenda, kwani hapo ndipo nyumba nyingi zitakapobanwa miaka hii.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Ramadhani ya 2027 yatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, ya 2028 mwisho wa Januari, ya 2029 katikati ya Januari. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mapema Januari na nyingine mwisho wa Disemba, mwezi ukiandama. Shule nazo hufunguliwa Januari. Maana yake karo, sare, vitabu, futari na nguo za Idi vyote vyaangukia mfuko mmoja ndani ya wiki chache. Asiyeanza kuweka tangu Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, atakopa dukani, na daftari la dukani halifungi Ramadhani.

Njia ya kawaida ni mchezo, yaani kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Watu 10, elfu mbili kila mwezi, anayepokea apata elfu 20. Omba namba ya Novemba, usiombe ya kwanza kwa tamaa. Mchezo huvunjika kwa njia moja tu: waliopokea mwanzo huacha kutoa. Basi mgeni apewe namba za mwisho, nyumba moja isichukue namba mbili za mwanzo, na mweka hazina asiwe ndugu wa anayechelewa. Kila mtu akitoa na kupokea sawasawa, hamna riba hapo.

Zaka ya fitri: pishi moja kwa kila kichwa, na kwa mizani watu huhesabu kilo mbili na nusu hadi tatu za chakula cha mji, kwetu mchele. Watu 14 ni kilo 35 mpaka 42. Baba humtolea anayemlisha: mke, watoto wadogo, wazazi wasio na kitu. Kijana aliyeoa na ana kazi hujitolea mwenyewe na watu wake, hata kama wala sinia moja na babake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama hutolewa. Aliyezaliwa baada ya magharibi hayumo. Yatolewe kabla ya swala ya Idi. Kosa la kila mwaka ni kungoja mapambazuko, wakati wanaostahiki wa mtaani washapokea mifuko kumi na wa mbali hawajapata hata mmoja. Shafi yaruhusu tangu Ramadhani iingie, basi peleka mapema.

Na bima ya afya ya serikali, SHA: asiye na mshahara hukadiriwa 2.75% ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini basi ni 3,600. Ndugu wawili waliooa ni familia mbili kwa hesabu hiyo. Mke na kila mtoto waongezwe kwa majina kwenye akaunti, maana kulipa peke yake hakumwingizi mtoto.

Karani_wa_Uani

Ammi kanikumbusha majina. Chukua vyeti vya watoto wote muweke mezani leo. Utakuta mmoja kaandikwa Mohamed, wa pili Mohammed, wa tatu Muhammad, na baba ni yuleyule. Mama ni Fatuma kwenye cheti kimoja na Fatma kwenye kingine. Haiumi mpaka siku ya pasipoti, kitambulisho au mirathi, hapo mnaanza safari za viapo kwa wakili. Andikeni majina matatu ya ukoo kwenye karatasi moja, herufi kwa herufi, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha baba. Karatasi hiyo ndiyo iende hospitali siku ya kujifungua. Aliyezaliwa nyumbani aandikishwe kabla ya miezi sita. Zaidi ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi na njia ndefu.

MwanafunziWaFaraidh

Niingie kwenye mirathi. Mzee kafariki, kaacha mjane, wavulana 4 na wasichana 5, na wazazi wake hawako tena. Baada ya mazishi, madeni na wasia, mjane apata thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mara mbili ya msichana: sehemu 13. Ili kuepuka visehemu, gawa mali yote hisa 104. Mjane 13, kila mvulana 14, kila msichana 7. Jumlisheni wenyewe.

Nyumba ikipangishwa kwa 26,000 kwa mwezi, hisa moja ni shilingi 250: mjane 3,250, kila mvulana 3,500, kila msichana 1,750. Wake wangekuwa wawili, wangegawana thumuni hiyohiyo.

Yanayoharibu ni mawili. La kwanza ni kuacha nyumba bila kugawa "mpaka mama aondoke". Mtoto mmoja akifa katikati, hisa zake zaenda kwa mamake, mkewe na wanawe, na hesabu ya 104 yageuka ya maelfu. Nendeni Mahakama ya Kadhi mapema mkaandikishe warithi, hata kama hamuuzi kitu. La pili ni mjukuu aliyefiwa na baba kabla ya babu. Ammi zake wakiwa hai, harithi. Dawa yake iko mikononi mwa babu akiwa mzima: amwandikie wasia, usiozidi thuluthi ya mali, mbele ya mashahidi wawili. Wengi wamwita yatima kwenye futari na kumsahau kwenye karatasi.

Ammi_Likoni

Ahsante ustadh. Ila nyumba nyingi za Majengo ni nyumba bila ardhi: mwenye nyumba si mwenye kiwanja, hulipa kodi ya ardhi. Hapo warithi wagawana nini?

MwanafunziWaFaraidh

Wagawana jengo na kodi ya wapangaji, Ammi. Kiwanja hakimo. Kwa hivyo risiti za kodi ya ardhi ni mali kama mali nyingine, zihifadhiwe zote, na anayelipa baada ya mzee kufa aandikishe kwamba alipa kwa niaba ya warithi wote. Akilipa kimya miaka kumi kwa jina lake, ataamka siku moja akasema nyumba ni yake, na karatasi zitakuwa upande wake.

BintiKuze

Kuna aliyeniuliza faragha kuhusu akika na sambusa za Ramadhani, nijibu hapa. Akika ya mtoto mchanga ni mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, siku ya saba, na mifupa ikatwe kwenye viungo bila kuvunjwa. Asiyeweza wawili, mmoja wamtosha. Nyama yapikwa ndipo igawanywe, basi panga sufuria na kuni kabla ya kununua mbuzi.

Sambusa tengenezeni Shaaban, zigandishwe mbichi zikiwa zimetandazwa kwenye sinia bila kugusana, usiku mmoja, kisha ndio zitiwe mifukoni. Ukizirundika zingali laini, manda hushikana na kupasuka kwenye mafuta. Umeme ukikatika usifungue friza kuangalia. Friza iliyojaa na kufungwa hushika ubaridi kama siku mbili, iliyo nusu ni siku moja. Ikiwa yako ni nusu, jaza nafasi kwa mifuko ya maji, ya chumvi pia yafaa.