Tupeane uzoefu: gari limetoka kutengenezwa, injini imekuja na ugonjwa mpya

Wanajamvi, nawasalimu kutoka Mbeya. Nimeanzisha mada hii kwa sababu nimemaliza miezi mitatu ya kuvutana na karakana ya kampuni moja inayouza magari hapa mjini, na katika kuulizauliza nimeona kwamba yaliyonikuta yamewakuta wengi, ila kila mmoja ameyamaliza kwa njia yake. Ningependa tuelezane tulivyodai, zaidi ya tulivyokasirika.

Nilipeleka gari dogo la petroli kubadilishiwa mkanda wa taiming na pampu ya maji iliyokuwa imeanza kuvuja. Kabla ya hapo injini haikuwahi kuchemsha. Nililipa shilingi 740,000, nikazunguka na gari Mwanjelwa na Soweto siku nne bila shida. Siku ya tano nilikuwa naelekea Tukuyu. Nilipoanza kupanda mlima baada ya Uyole gari likakosa nguvu, taa ya injini ikawaka, na kabla sijafika Isyonje mshale wa joto ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Nilizima, nikakaa kando ya barabara kwenye ile baridi zaidi ya saa moja, kisha nikarudi mjini kwa kuvutwa.

Msimamizi wa karakana aliliangalia gari kwa dakika chache, akasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na silinda) imeungua, kwamba hilo ni tatizo jingine kabisa lisilohusiana na kazi yao, na kwamba nijiandae kulipa upya. Nadhani kilichoniokoa ni kwamba sikuruhusu injini ifunguliwe siku ile. Kesho yake nilirudi na fundi wa nje, na ukaguzi wote ukafanyika mbele ya msimamizi huyo huyo. Mashine ya kusoma hitilafu ilionyesha kwamba kamshafti na krenkishafti, shafti mbili za injini zinazounganishwa na mkanda wa taiming, haziendi pamoja. Kifuniko cha mkanda kilipotolewa, alama zilikuwa zimepishana jino moja. Rejeta nayo ilikuwa imejazwa maji bila hewa kutolewa. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilipopimwa, silinda zote nne zilikaribiana, na hakuna dalili yoyote ya gasketi kuungua iliyoonekana. Nilipiga picha za kila hatua.

Niliandika barua, nikaambatanisha picha, risiti ya EFD na fomu waliyoijaza siku ya kupokea gari, nikawapa siku 14. Siku ya 12 walinipigia: watarudia kazi yote bila malipo, lakini gharama ya kuvuta gari, shilingi 150,000, haiwahusu. Hapo ndipo tulipobishana muda mrefu. Nanyi mlifanyaje?

Mchangiaji wa Iringa:
Mimi nilishindwa, na nilishindwa kwa mkono wangu mwenyewe. Gari langu lilichemka Kitonga, nikalipeleka kwa wauzaji, wakafanya kazi ya hedi kwa fedha nyingi. Baada ya wiki mbili lilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Kwa hasira nililipeleka kwa fundi wa Ipogolo, akafungua kila kitu, akaniambia ringi za pistoni zimekwisha. Niliporudi kwa wauzaji na ringi hizo kwenye mfuko wa plastiki waliniuliza swali moja tu: nani anaweza kuthibitisha kwamba zimetoka kwenye injini hii? Sikuwa na jibu. Gari nimeliuza.

Mchangiaji wa Njombe:
La kwangu lilikuwa dogo lakini lilinisumbua mwaka mzima. Baada ya matengenezo ya kuchemsha, gari likaanza kunywa petroli kupita kiasi, na asubuhi za Julai injini haikupata joto kabisa hata nikiendesha hadi Makambako. Kumbe walikuwa wameondoa themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, bila kuniambia, kama mafundi wengi wanavyofanya ili gari "lisichemke tena". Kwenye baridi ya kwetu injini isiyo na themostati hubaki baridi, na kompyuta yake huendelea kuongeza mafuta ikidhani ndiyo kwanza imewashwa. Niliwaambia nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Wakairudisha themostati siku hiyo hiyo. Fedha ya petroli sikurudishiwa, nami sikuifuatilia.

Mchangiaji wa Mbalizi:
Mimi ni fundi, kwa hiyo mniruhusu niseme upande wetu kidogo. Wateja wengi huficha historia ya gari. Hedi iliyopinda kwa kuchemka zamani haionekani kwa macho mpaka iwekewe rula ya chuma, na fundi akifunga gasketi mpya juu yake bila kupima, lawama ni yake. Lakini kama alishauri hedi ipelekwe kuchongwa na mteja akakataa, lawama inagawanyika. Mleta mada, naomba nikuulize jambo ambalo hukulitaja: tenshena, kifaa kinachokaza mkanda, ilibadilishwa? Mkanda mpya ukifungwa na tenshena iliyochoka unaweza kuruka jino hata kama alama zilipangwa sawasawa.

Mleta mada:
Umenishika pabaya. Walinishauri kwa mdomo nibadilishe tenshena na mimi nikasema iliyopo bado inafaa, maana bei yake ilinitisha. Katika mazungumzo yetu ya mwisho msimamizi alilitaja jambo hilo, nami nikamwomba anionyeshe mahali lilipoandikwa kwenye fomu. Hapakuwa na kitu. Tulikaa kimya kidogo. Mwishowe nilinunua tenshena kwa fedha yangu, wao wakaifunga bure na kulipa nusu ya gharama ya kuvuta gari, na safari hii wameandika kila kitu, pamoja na kilometa zilizosomeka siku hiyo.