Naomba ushauri: kigezo cha ukwasi kwenye zabuni ya barabara

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa zabuni ya barabara inayofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wastani wa mauzo ya mwaka tunaufikia, hesabu zilizokaguliwa zipo. Kinachotukwamisha ni ukwasi, yaani fedha taslimu au mkopo wa uhakika wa kuendeshea kazi. Fedha nyingi zimelala kwenye hati za malipo ambazo mteja hajalipa (mnaijua hiyo), na mitambo haihesabiwi kama fedha taslimu.

Benki yetu imetoa barua ya kuahidi mkopo, ila imechomekea "kwa kutegemea idhini ya kamati ya mikopo". Naona mtathmini atatukata hapo hapo.

Je, niibane benki iondoe sharti hilo, au tuingie ubia? Nako kila mbia ana kiwango chake cha chini, mara nyingi asilimia 25 ya kigezo, na kiongozi wa ubia asilimia 40. Aliyepitia hili anisaidie.