Tupeane uzoefu: hedifoni nzito za studio, za kwako zina miaka mingapi?

Trei la Mayai (mwanzisha mada, Buzuruga, Mwanza)

Mwangaluka wakuu. Nina kistudio hapa Buzuruga, chumba kimoja, ukutani trei za mayai na mablanketi, juu mabati. Mvua ikinyesha tunaacha kurekodi, tunakunywa chai.

Jana kaja dogo mmoja kuingiza sauti, akazitazama hedifoni zangu, akaniuliza, "Kaka, hizi ulirithi?" Nilicheka, ila alipoondoka nikazikagua vizuri. Ni Beyerdynamic DT 770 Pro za 80 ohm (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nilizinunua 2014 kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio yake. Zimedondoka kutoka kwenye stendi ya kinanda mara ambazo siwezi kuzihesabu. Zimekaliwa. Mwaka juzi mwanakwaya mmoja, mama wa mwili, alizikanyaga akitoka kwenye maiki, upinde wa chuma ukakunjika kama mundu. Nikaunyoosha kwa mikono, tukaendelea na ubeti wa pili.

Tangu nizinunue nimebadilisha mito ya masikio mara tatu na kile kimkanda cha utosini mara moja. Basi. Spika za ndani ni zilezile. Katika muda huohuo nimeshazika za bluetooth sita, na hapo sijahesabu zile za kuchomeka masikioni za elfu tano tano.

Shubiri yake ni hii: kwenye karatasi zina gramu 270 bila waya, lakini saa nane mchana, bati limeshika moto na feni umeizima ili isiingie kwenye maiki, unaona kama umejitwika ndoo. Jasho linaingia mpaka kwenye masikio.

Sasa tupeane uzoefu. Za kwako ni zipi, zilianza kufia wapi, na ulizifufuaje? Za "nimesikia kwa watu" tuziache kando leo.

Ngosha wa Igoma

Uzito na kudumu ni vitu viwili tofauti mkuu. Mimi napiga muziki kwenye harusi na vipaimara, natumia Sennheiser HD 25. Gramu 140 tu. Zilitoka 1988 na mpaka leo zinauzwa na umbo lilelile. Naitenganisha yote mezani kama bunduki, likifa sikio moja nabadilisha hilo hilo. Zangu ziko mwaka wa tisa, na sikio la kulia ni dogo kwa umri kuliko la kushoto.

Trei la Mayai

Hilo la kutenganishika nimelikubali. Ila kwa kurekodi mwimbaji bado nataka zinazofunika sikio lote. Biti ikivuja ikaingia kwenye maiki, huitoi tena.

Dada wa Malimbe

Nyie kaka zangu hamjasukwa, ndiyo maana hamjui shida. Nilisomea utangazaji, na hedifoni za studio ya mafunzo zilikuwa nzito zenye waya wa kujikunja kama wa simu za zamani. Siku ya mtihani wa vitendo ule waya ulinasa kwenye rasta zangu. Taa nyekundu imewaka, niko hewani, kichwa kimevutwa upande kama mbuzi wa mnadani. Nilisoma taarifa ya habari yote hivyohivyo. Nilifaulu, sijui mwalimu alidhani ndio mtindo wangu.

Jambo la pili ni usafi. Hedifoni ya kuchangia inapita vichwa ishirini kwa siku. Mpaka leo natembea na vipande viwili vya mkono wa fulana ya pamba, navivika kwenye mito kabla sijavaa. Vinanyonya jasho, jioni navifua pamoja na soksi. Besi inapungua kidogo, lakini kwa kazi ya kusikiliza mahojiano na kuyaandika sihitaji besi.

Furu Mkavu

@Dada wa Malimbe hiyo ya mbuzi wa mnadani nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Mimi yangu si ya kuvunjika, ni ya ujinga wangu mwenyewe. Nilipata DT 770 kama za mwanzisha mada ila za 250 ohm. Nikajiambia namba ikiwa kubwa ndio ubora. Nyumbani nachomeka kwenye Focusrite, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na hedifoni kwenye kompyuta, zinaimba vizuri, sina tatizo.

Ikafika Bulabo kule Bujora, Kisesa. Kwa wasioijua, ni sikukuu ya ngoma za Wasukuma inayofanyika majira ya Ekaristi, makundi ya Bagika na Bagalu yanashindana kucheza na kila upande unajaribu kuuvuta umati uje kwake. Nikasema mwaka huu narekodi mwenyewe. Nikabeba kinasa sauti kidogo cha betri mbili na hedifoni zangu kubwa shingoni, najiona mtaalamu. Watoto wakanifuata nyuma wakidhani ni mtangazaji.

Nikabonyeza rekodi. Sauti masikioni ilikuwa kama ngoma inapigwa kijiji cha pili. Nikafungua mpaka mwisho, bado. Kinasa cha betri hakina nguvu ya kusukuma 250 ohm. Nikajifariji kwamba kinachorekodiwa ni kilekile hata kama mimi nasikia kwa mbali. Hilo ni kweli, na ndilo lililoniponza. Kwa kuwa nilisikia kwa mbali, sikuusikia upepo uliokuwa unapiga maiki. Sikusikia kwamba kila mpiga ngoma akikaribia, sauti inapasuka. Saa tatu nzima nimesimama juani natikisa kichwa kwa kuridhika.

Nimefika nyumbani, nachomeka kwenye mashine: vuuu, vuuu, kraa. Katika saa tatu nimepata dakika nne za maana, na mbili kati ya hizo ni bibi mmoja ananiuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo anayetaka kununua atazame hiyo ohm kabla ya bei. Za 32 zinakubali simu na vinasa vidogo, 80 zinataka kubembelezwa, 250 ni za kukaa mezani. Zangu hazina kosa lolote, mwaka wa saba huu hazijaguswa na fundi.

Solo Imepotea (Nyakato)

Nami niongeze ya kwangu, maana hii nilikosana na watu.

Ninahudumu kwenye mitambo ya kwaya yetu. Tulikuwa tumemaliza kuchanganya wimbo, mwalimu na mama anayeimba solo wakaja kusikiliza. Nikampa mama hedifoni. Akasikiliza, akanyamaza. Akazivua polepole, akamwambia mwalimu, "Wamenitoa." Mwalimu akavaa. Vinanda vipo, kwaya ya nyuma ipo inasikika kama iko kisimani, solo hakuna. Kumbe ndani ya wiki ile kulikuwa na maneno maneno ya nani aimbe solo, mimi sijui hili wala lile. Nikaonekana nimehongwa!

Nikaapa sijagusa kitu. Nikafungua kompyuta, sauti ya mama iko pale, mistari inaruka. Kwenye spika ikasikika. Tukarudi kwenye hedifoni, hayupo. Mwalimu akaanza kuomba.

Fundi wa Makoroboi

@Solo Imepotea hiyo ni earth imekatika. Nimekutana nayo si chini ya mara mia.

Niwaelezeni kidogo. Waya wa hedifoni una njia tatu: kushoto, kulia, na njia moja ya kurudia wanayochangia wote, sisi tunaiita earth. Hiyo ya kurudia ikikatika karibu na jeki (kile kichwa cha kuchomeka), kushoto na kulia wanabaki wanarudishiana wao kwa wao. Kilicho sawasawa pande zote mbili kinajifuta, kinachotofautiana ndicho kinabaki. Mwimbaji mnamweka wapi mkichanganya? Katikati, sawa pande zote. Kwa hiyo anayefutika ni yeye. Kabla hujashuku binadamu, shika waya pale unapoingilia jeki, uukunje kidogo kidogo. Solo ikirudi ghafla, umeshapata pa kukata.

Na hapo ndipo wengi mnaharibu. Zile nyuzi za ndani zimepakwa rangi: nyekundu, kijani au bluu, nyingine ya shaba. Ile si mapambo, ni vanishi inayozuia zisigusane. Kijana anakata waya, anasokota, anaweka risasi ya kuungia, inakaa juu ya uzi kama tone la maji kwenye jani la gimbi, haishiki. Anasema hedifoni imekufa. Inabidi uichome kwanza ile rangi: weka risasi kwenye ncha ya pasi ya kuungia waya, zamisha ncha za nyuzi mle, subiri kimoshi kitoke na rangi ibadilike. Utaona uzi unakuwa wa fedha. Sasa unga. Na kabla ya yote pitisha kasha la jeki kwenye waya, maana nimewaona watu wanaunga vizuri kabisa halafu kasha limebaki mezani.

Solo Imepotea

Fundi, ungekuwepo siku ile ungeniokoa. Nilikuja kugundua baada ya siku mbili, tena kwa bahati, nilipokanyaga waya. Mama nilimwomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya, tukayamaliza. Ila hedifoni ile hajawahi kuivaa tena.

Mzee wa Kamanga

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi ni mstaafu, nilikuwa fundi mitambo ya redio. Miaka ya themanini mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia Koss Pro4AA. Koss ni wale wa Milwaukee, Marekani, waliotoa hedifoni ya stirio ya kusikilizia muziki mwaka 1958, na hii Pro4AA ni ya 1970. Hizo gramu 270 mnazolalamikia ni unyoya. Hii ukiiweka kwenye mzani wa dagaa pale Mwaloni, mshale unaondoka kweli.

Bado inafanya kazi. Mito ndiyo ilikauka kwa uzee, kama mimi. Mara ya kwanza nilikata sponji ya godoro, nikampelekea mshona viatu aishonee ngozi ya kiatu. Ikapendeza kwa macho. Nikavaa, besi yote imekimbia. Ngozi ngumu haikukaa vizuri taya linapoingia, upepo unapita, na pakiwa na upenyo besi haikai. Nikarudi na ngozi laini ya mkoba wa marehemu mke wangu na sponji laini zaidi. Besi ikarudi. Nazivaa usiku nikisikiliza taarabu, na mkoba wake uko sikioni.

Dada wa Malimbe

Shikamoo mzee. Hapo mwisho umenigusa.

Ngosha wa Igoma

Shikamoo mzee. Nakubali, nzito ni nzito.

Jiwe Kuu (Bwiru)

Kuhusu mito, mimi za kwangu zilikuwa za ngozi ya bandia. Mwaka wa pili tu zikaanza kubanduka. Asubuhi natoka kwenda dukani, dada wa duka ananiangalia mashavu: "Kaka, umechoma mkaa?" Vipande vyeusi mpaka kwenye ndevu, kama magamba ya sato mtu akitoka kuparua samaki. Ile ngozi ni plastiki laini iliyobandikwa kwenye kitambaa, na joto la hapa, unyevu wa ziwa na jasho ndivyo vinavyoila. Hata ukiziweka kabatini bila kuzivaa inabanduka. Nikahamia kitambaa cha manyoya manyoya. Hakibanduki. Nafua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, naanika kivulini. Kelele za nje zinaingia zaidi kidogo, nimekubali.

Halafu kisa kingine. Nina za pili, zenye matundu nyuma, za kuchanganyia muziki. Usiku mmoja sikio la kushoto likaanza kutetema, kila besi ikipiga, trrr. Nikajua spika imechanika. Nikakata tamaa wiki nzima, nikaanza kuulizia bei ya mpya. Siku moja nikatoa mto, nikatoa ile sponji nyembamba ya chini yake, nikamulika na tochi ya simu. Mdudu wa ziwani! Mmoja, amekauka, bawa limegusa ile ngozi ya spika. Mnajua wanavyopanda kama moshi kutoka ziwani na kufuata taa, nami dirisha lilikuwa wazi. Nikamtoa na ncha ya brashi ya rangi. Kimya. Laki nne zangu zikabaki mfukoni.

Sasa jioni nikimaliza kazi nazivika mfuko wa mto wa kulalia.

Fundi wa Makoroboi

Na unywele hufanya hivyohivyo. Usipulize kwa mdomo wala pampu, spika ni laini kama utando wa yai.

Mgeni wa Leo

Wakuu mimi nina laki moja na nusu, ninunue zipi mpya? Kuna jamaa ana za "studio" kwa elfu sitini, boksi lina kila kitu.

Trei la Mayai

Mdogo wangu, elfu sitini na boksi lina kila kitu, mimi mwenyewe nilishalipa ada ya shule hiyo. Jina la kampuni kubwa, uzito upo, nikafurahi. Nilipofungua kutafuta tatizo nikakuta ndani ya kila kikombe kipande cha chuma kimegundishwa na gundi, cha kuongeza uzito tu. Hakikuungwa na kitu. Kwa hiyo usipime kwa mkono. Tazama kama ina skrubu, kama mito inatoka, kama waya unachomoka, na uliza kama vipuri vyake vinauzwa. Mtumba wa kweli ni bora, ila vaa kwanza, cheza wimbo unaoujua, tikisa waya kwenye jeki wakati wimbo unaendelea.

Mgeni wa Leo

Nimeelewa kaka. Asante.

Dagaa Mchele (Kirumba)

Nina waya wa akiba wa AKG K240 Studio, ule unaochomoka, wenye pini tatu upande wa hedifoni. Haujatumika, zangu nilimpa shemeji. Mwenye kuhitaji aje. Sipunguzi bei.