Gumzo la familia: Bati la fremu za Mwanga

Dada Mkubwa (Mwanza): Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimepokea hesabu ya kuezeka upya fremu zetu za biashara za Mwanga, hapo Kigoma, alizotuachia marehemu baba, na ninamshukuru kaka kwa kusimama juani na mafundi siku zote zile. Hata hivyo, gharama ya shilingi 2,400,000 imegawanywa sawasawa kwa watu watano, mama na sisi watoto wanne, kila mmoja 480,000, ilhali pango linapoingia tunagawa kwa mafungu ya mirathi: mama thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Iweje tuwe sawa katika kutoa tu?

Kaka Mkubwa (Kigoma): Waalaykumu salaam. Maji yalikuwa yamejaa fremu mbili na mpangaji ameshaanza kufunga mizigo, dada. Niligawa kwa haraka.

Dada Mkubwa: Haraka ninaielewa. Lakini thumni ya mama ni 300,000, na zinazobaki 2,100,000 ni mafungu sita ya 350,000, kwa hiyo ninyi wanaume wawili mlipaswa kutoa 700,000 kila mmoja na sisi wawili 350,000. Mama amezidishiwa 180,000. Mimi na mdogo wangu 130,000 kila mmoja.

Kaka Mdogo (Dar): Hesabu ni sahihi. Zangu 220,000 zilizopungua ninazituma kesho.

Dada Mdogo (Ujiji): Nami niongeze, kwa kuwa hupita hapo kila siku. Fremu ya tatu kaka mkubwa anahifadhia saruji na nondo zake, mwaka wa pili sasa, bila kulipa hata shilingi. Sisemi atoke.

Kaka Mkubwa: Hiyo ndiyo posho yangu. Nani anagonga milango ya wapangaji tarehe mosi? Nani anafuatilia cheti cha kodi ya zuio, kampuni iliyopanga fremu ya kona inapokata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato?

Baba Mdogo: Wanangu, posho ya msimamizi si haramu, ila hupangwa na wenye mali wote na kuandikwa; mtu hajipimii mwenyewe. Hati nayo bado ina jina la marehemu kaka yangu, na mahakama ilimteua msimamizi wa mirathi akusanye na agawe, si akalie mali. Ihamishieni kwenye majina yenu kama wamiliki kwa hisa, kila hisa ijulikane, kwani kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 mwenye hisa hawezi kumuuzia mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake.

Kaka Mkubwa: Nimekuelewa, baba. Fremu ya tatu ihesabiwe 150,000 kwa mwezi kama ya jirani, na posho yangu iwe 60,000.

Dada Mkubwa: Kwangu 50,000, pamoja na daftari kupigwa picha hapa kila mwezi.

Kaka Mkubwa: Haya, 50,000. Daftari lipo dukani, nitalipiga picha Ijumaa baada ya swala.

Mama: Kabla hamjanirudishia 180,000 zangu, mwiteni fundi. Bati la ukingoni bado linapigapiga usiku.