Saksafoni ya babu imeandikwa 1914, ni ya mwaka huo kweli?

Zabibu_Dom: Wakuu habari za humu. Tumekuta saksafoni kwenye sanduku la bati la marehemu babu huko Mpwapwa, alikuwa anapiga bendi enzi zake ila aliitoa wapi hakuna anayejua. Nyeusi tii kama sufuria ya kuni, nimesugua kidogo na Brasso kwenye ule mdomo mpana pakatoka weupe, sio njano. Jina la kampuni silioni ila nyuma, chini ya pale kidole gumba cha kulia kinapokaa, imegongwa PAT'D DEC. 8, 1914, halafu 1119954, halafu A, halafu M na tarakimu sita zinaanza na 2, mwisho L. Fundi mmoja hapa mjini kasema ni ya 1914 na hizo M na L ni saizi kama za mashati 😂 Pia shingoni kuna pete inazunguka, anasema imelegea anataka aichomelee. Nimpe?

mdau wa Kondoa: Hiyo ya Ujerumani Mashariki mkuu, kanisani kwetu tunayo Weltklang, zilikuja nyingi zamani zile.

Pumzi_Ndefu: Hapana mkuu, Weltklang hiyo haiwezi kuwa na patent (haki ya ugunduzi, ndo hiyo PAT'D) ya Marekani ya 1914.
Zabibu USIMPE huyo fundi! Hiyo pete haijalegea, ndivyo ilivyo, unaizungusha ili utyuni bila kusogeza mausipisi (kile kipande cha kupulizia), akichomelea ndo kakuulia chombo. Hiyo ni ya kampuni ya Conn, ya Elkhart jimbo la Indiana, Marekani. Na 1914 sio mwaka iliyotengenezwa, ni tarehe ya patent ya kuyavuta matundu kutoka kwenye bomba lenyewe badala ya kulehemu vipande, wakaendelea kuigonga miaka na miaka. A ni alto, yaani aina ya saksafoni. L ni tyuni ya chini, yaani hii ya kawaida ya 440, ungekuta H ungelia maana hizo ziko juu huwezi kupiga na mtu. Umri uko kwenye hiyo namba ya M, laki mbili na kitu ni kati ya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwishoni mwa miaka ya 1930. Na Brasso acha leo, huo weupe ni fedha wamepaka juu ya shaba, kila ukisugua unaipunguza. Angalia kingo za matundu, zimekunjwa kwa nje au zimekatwa tu?

Zabibu_Dom: Duh. Zimekunjwa, ukipitisha kidole ni laini kabisa. Nimefuta na kitambaa laini pale kwenye maua ya mdomo naona ELKH… kumbe ndo Elkhart, mi nilidhani jina la mwenye bendi

Pumzi_Ndefu: Basi kwisha, ni Conn yenyewe. Maana walikuwa wanatengenezea na wauza duka kwa majina mengine, ila hizo mara nyingi kingo hawakunji. Futa hivyohivyo pole pole, maji yasifike kwenye pedi, yale matandiko laini yanayoziba matundu.

mdau wa Kondoa: Nimekubali yaishe 😅 unauza?

Zabibu_Dom: Bibi akisikia neno kuuza nafukuzwa nyumbani. Pedi zote zimekauka zinapukutika, nani anabadilisha pedi kwa uhakika huku Dodoma, na asiwe na gesi ya kuchomelea karibu?

Pumzi_Ndefu: Nicheki inbox